Namba Mbili za Lubutu

Mzazi akifunua daftari la hesabu la mwanawe aliyevuka shule ya msingi, huenda akakuta mistari miwili imepitana kama msalaba, mmoja umelala na mmoja umesimama, na juu yake nukta zimetawanyika huku na huko, kila nukta na herufi yake. Wazazi wengi hufunua ukurasa huo upesi. Hesabu waijuayo wao ni ya kujumlisha mchele na kutoa deni, na hapa hawaoni kitu cha kujumlisha. Wengine husema moyoni kwamba mtoto amechezea karatasi iliyonunuliwa kwa fedha ya nyumba.

Ndugu wasomaji, ukurasa huo ni katika kurasa zenye faida kuliko zote katika daftari hilo, na kwetu sisi tuliozungukwa na msitu faida yake ni kubwa zaidi. Wafundisha jinsi ya kusema mahali kitu kilipo, bila kunyosha kidole, bila kusema “karibu na mti mkubwa”, na bila mtu kuuliza mara ya pili. Namba mbili tu zatosha. Lakini namba hizo zina masharti yake, na asiyeyashika masharti hupotea mbali sana, kama tutakavyoona.

Tuanze shambani, kisha tuende darasani. Tuseme mzee mmoja amepanda michikichi kwa mistari iliyonyooka, mistari kumi, na katika kila mstari miti kumi. Ana wana wawili. Amwambia mkubwa: “Mti wako wa kwanza ni mstari wa nne, mti wa saba.” Yule mtoto akimbia shambani, naye ahesabu mistari saba, kisha miti minne, akwea, akata mikungu ya chikichi, ashuka akifurahi. Kumbe amekata mali ya mdogo wake. Namba zilikuwa zile zile, nne na saba, ila amezigeuza. Jioni nyumba nzima yagombana kwa ajili ya dumu moja la mawese, na kila mmoja aapa kwamba alifuata neno la baba.

Tena si hilo tu. Hata kama angaliishika safu ya namba vema, je, aanze kuhesabu upande gani? Upande wa barabara au upande wa mto? Kutoka kushoto au kutoka kulia? Baba hakusema, kwa kuwa yeye alipanda na kwake jambo ni wazi. Shamba lile lina pembe nne, kwa hiyo “nne na saba” zaweza kuonyesha miti minne mbalimbali, nazo zikigeuzwa huangukia miti ile ile minne. Jumla ni miti minne, na wana ni wawili. Haishangazi basi kama ndugu wanagombana!

Kwa sababu hiyo watu wa hesabu walipatana juu ya mambo matatu. Kwanza, pawe na mahali pamoja pa kuanzia, ambapo namba zote mbili ni sifuri. Tupaite kitovu. Pili, pawe na mistari miwili ipitayo katika kitovu hicho, nayo huitwa mihimili: mmoja wa kulala, ndio mhimili wa x, na mmoja wa kusimama, ndio mhimili wa y. Tatu, namba ya kwanza iwe daima ya ule wa kulala, na ya pili iwe ya ule wa kusimama. Mtoto akiona (4, 7), hutoka penye kitovu, huenda hatua nne kulia, ndipo hupanda hatua saba juu, hutia nukta. Asiyependa kukariri na amkumbuke mkweaji wa michikichi: hutembea kwanza mpaka penye shina, kisha hukwea. Hakuna aliyewahi kukwea kwanza na kutembea baadaye.

Lakini vipi kitu kikiwa upande wa kushoto wa kitovu, au chini yake? Hapo huingia namba za chini ya sifuri, ziandikwazo kwa alama ya kutoa. Mama auzaye samaki sokoni azijua namba hizi vizuri, ingawa hajapata kuziandika: mwenye faranga elfu mbili mkononi na mwenye deni la faranga elfu mbili wote wana “elfu mbili”, lakini hawalali usingizi mmoja. Vivyo hivyo, hatua tatu kulia ni 3, na hatua tatu kushoto ni −3. Hatua tano juu ni 5, na hatua tano chini ni −5. Alama ile ndogo hupindua nyumba nzima kutoka upande huu hadi upande ule.

Mihimili miwili ikipitana hivi, karatasi hugawanyika sehemu nne, nasi tutaziita robo. Robo ya kwanza ni ile ya juu kulia, ambamo namba zote mbili ni za juu ya sifuri. Ya pili ni ya juu kushoto, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Huhesabiwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kwa nini kinyume? Ni desturi tu, na desturi haina budi kushikwa kama ilivyo.

Basi sasa tuitoke karatasi, tuitazame dunia. Wasafiri wa bahari na wachoraji wa ramani wameifanyia dunia nzima jambo lile lile. Mhimili wa kulala ni ikweta, mstari ule uizungukao dunia katikati, sawasawa baina ya ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Huo haukuchaguliwa na mtu; mzunguko wa dunia umeuweka. Mhimili wa kusimama ni jambo jingine. Mstari wowote utokao ncha hata ncha ungalifaa, na kwa muda mrefu mataifa yalikuwa kila moja na wake: Wafaransa walihesabu kutoka Paris, Waingereza kutoka Greenwich karibu na London. Mwezi wa Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, wakachagua Greenwich. Wafaransa hawakupiga kura ya kukubali, nao waliendelea na mstari wao kwa miaka mingi baadaye. Hivyo kitovu cha dunia, pale ikweta na mstari wa Greenwich zinapokutana, kimeangukia katika maji matupu ya Ghuba ya Gini. Hapana kisiwa pale wala mji. Ndicho kitovu chetu sote, nasi watu wa Kongo twakaa kulia kwake.

Umbali wa kulia au kushoto huitwa longitudo. Umbali wa juu au chini huitwa latitudo. Vipimo vyake ni digrii, na kila digrii hugawanyika kuwa dakika 60. Mji wa Lubutu uko penye digrii 26 na dakika 35 mashariki, na dakika 44 kusini mwa ikweta. Hapa wanafunzi waangalie sana. Dakika 44 si 0,44 ya digrii! Dakika ni 60 katika digrii moja, kwa hiyo twagawanya 44 kwa 60, twapata 0,73. Anayeandika 0,44 amekwisha kuusogeza mji wa Lubutu kilometa 32 upande wa kaskazini, soko, hospitali na watu wake wote, kwa kosa moja la kalamu. Dakika 35 nazo ni 0,58. Basi namba mbili za Lubutu, zikiandikwa kwa desturi ya darasani, ni (26,58 ; −0,73). Alama ya kutoa yatuambia kwamba tuko chini ya ikweta, yaani kusini.

Yafaa sasa kila mwanafunzi achukue kalamu ya risasi na rula, achore ramani yake mwenyewe. Si vigumu. Kitovu cha Ghuba ya Gini ni mbali mno kwa karatasi yetu, kwa hiyo tukihamishe. Mtu aweza kukihamisha kitovu, mradi aseme amekihamishia wapi na asibadili katikati ya kazi. Tushike ikweta kuwa mhimili wa x, na mstari wa digrii 26 mashariki uwe mhimili wa y. Longitudo zote tutazipunguza 26. Mraba mmoja mdogo wa daftari uwe sehemu moja ya kumi ya digrii. Daftari la kawaida la sentimita 17 kwa 22, lenye miraba ya nusu sentimita, latosha, ila kwa shida kidogo: acha miraba 10 kushoto na miraba 12 juu, hapo ndipo kitovu.

Lubutu ni (0,6, −0,7): miraba sita kulia, saba chini. Iko katika robo ya nne. Punia ni (0,5, −1,5), nayo ni robo ya nne, karibu sawasawa chini ya Lubutu. Walikale ni (2,1, −1,4), robo ile ile lakini mbali kulia. Kindu, mji mkuu wa jimbo letu la Maniema, ni (−0,1, −3,0): mraba mmoja tu kushoto kwa mhimili, na miraba thelathini chini, karibu na ukingo wa karatasi. Huo umo katika robo ya tatu, pamoja na Ubundu, ambao ni (−0,5, −0,4). Kisangani ni (−0,8, 0,5): kushoto, lakini juu ya ikweta, yaani robo ya pili. Kwa robo ya kwanza tumtafute Bafwasende, (1,3, 1,1), peke yake juu kulia. Robo zote nne zina mtu wake, wala hatukwenda mbali na nyumbani.

Watoto wa Ulaya hufundishwa robo hizi nne kwa miji ya kubuni, kwa maana nchi zao zote ziko juu ya ikweta, na namba za kaskazini kwao hazigeuki kamwe. Mtoto wa Lubutu anao mhimili wa x katika safari ya kilometa 80 hivi kutoka mlangoni pake. Akipanda pikipiki kwenda Kisangani, lazima auvuke. Kama njia ingalinyooka kutoka Kisangani hadi Lubutu, msafiri angaliondoka katika robo ya pili, angalivuka ikweta na kuingia robo ya tatu, kisha baada ya mwendo mfupi angaliukata mstari wa digrii 26 na kuingia robo ya nne. Robo tatu kwa safari moja! Tega rula baina ya nukta hizo mbili, utaona.

Tena kuna bahati nyingine ya kukaa kwetu karibu na ikweta, ambayo vitabu vingi haviitaji. Miraba ya daftari ni sawa pande zote, lakini miraba ya dunia haiko hivyo kila mahali. Digrii moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi popote. Digrii moja ya longitudo ni kilometa 111 kwenye ikweta tu. Kadiri mtu aendavyo kaskazini au kusini mistari ile ya kusimama husogeleana, hata kwenye ncha hukutana yote. Huko Brussels digrii moja ya longitudo ni kilometa 70 tu. Mwanafunzi wa Brussels akichora nchi yake katika karatasi ya miraba kama tulivyofanya, ramani yake itakuwa imevutwa ubavuni. Ramani ya mwanafunzi wa Lubutu ni ya kweli, au karibu kabisa na kweli, bila ufundi wowote.

Kwa sababu hiyo twaweza kupima umbali juu ya karatasi. Kutoka Kisangani hadi Lubutu, tofauti ya kulala ni 0,6 kutoa −0,8. Wanafunzi wengi hujibu 0,2 na kwenda kucheza. Sivyo: kutoka miraba minane kushoto hadi miraba sita kulia ni hatua kumi na nne, yaani 1,4. Kutoa deni ni kuongeza mali. Tofauti ya kusimama ni 1,2. Mistari hiyo miwili ni pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na njia ya moja kwa moja ni upande wa tatu. Kwa kanuni ya Pitagora, 1,4 mara 1,4 ni 1,96, 1,2 mara 1,2 ni 1,44, jumla 3,40, kipeo chake ni 1,84. Zidisha kwa 111, wapata kilometa 204. Huo ni mwendo wa ndege. Mwenye kusukuma baiskeli iliyojaa mchele atawaambia kwamba barabara ni ndefu zaidi, na matope yake hayamo katika kanuni ya Pitagora.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nichague somo hili juma hili. Zamani namba hizi zilikuwa kazi ya mabaharia na wapima ardhi. Leo zimo katika simu ya mkononi. Simu nyingi zaweza kukuonyesha namba mbili za mahali uliposimama, na waganga, wauguzi, wapimaji wa mashamba na wachukuzi wa chanjo wazitumia kila siku. Lakini hapa pana mtego, nao huwanasa hata waliosoma. Hesabu husema x kwanza, yaani longitudo, kisha y. Mabaharia husema latitudo kwanza, kisha longitudo, na simu zimefuata mabaharia. Kwa hiyo simu ikiwa Lubutu itaandika −0.73, 26.58, tena kwa nukta badala ya mkato. Mwanafunzi hodari aliyeshika vema somo la mwalimu wake atachukua namba ya kwanza kuwa ya kulala. Atakwenda kushoto kidogo kwa Greenwich, kisha atapanda juu digrii 26 na nusu. Atafika wapi? Atafika katikati ya jangwa la Sahara, nchi ya Aljeria, upande wa Reggane, ambako mvua ya mwaka mzima haijazi ndoo.

Na mwingine atashika mpangilio vizuri lakini ataacha ile alama ya kutoa, akidhani ni kistari cha mapambo. Huyo hatakwenda Sahara. Atauweka mji wa Lubutu kaskazini ya ikweta, katika msitu wa upande wa Bafwasende, zaidi ya kilometa 150 kutoka mahali pake. Naona kosa hili ni baya kuliko lile la kwanza. Anayeambiwa Sahara atacheka na kuuliza tena. Anayeambiwa msitu hatacheka, kwa kuwa msitu wafanana na msitu, naye atapakia dawa na kuondoka.

Wazee wa Lubutu wanajua ndege hutafutaje mahali juu ya msitu huu. Mwisho wa mwaka 1996 na mwanzo wa 1997, wakati wa vita, wakimbizi kutoka Rwanda zaidi ya laki moja walipiga kambi Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Kipindupindu na njaa viliua wengi. Ndege za msaada zilitua juu ya barabara yenyewe, penye kipande kilichotumika kuwa kiwanja, na watu wamejaa kando zake. Rubani atokaye juu ya mawingu haoni njia wala kibao. Aona majani mabichi upande wote, kama bahari. Amtegemea yule aliyeandika namba mbili kabla hajaruka.

Hata hivyo tusizipe namba heshima isiyo yake. Namba mbili zasema mahali. Hazisemi kilichopo mahali hapo. Jambo hili liliigharimu nchi yetu miaka mingi ya ugomvi. Mwezi wa Agosti 1885 mfalme Leopold II wa Ubelgiji alizitangazia serikali nyingine mipaka ya dola lake jipya la Kongo. Mashariki, kwa sehemu kubwa, mpaka haukufuata mto wala mlima wala watu. Ulifuata longitudo ya digrii 30 kushuka hadi digrii 1 na dakika 20 kusini. Kutoka hapo mstari ulionyooka mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Nukta mbili na rula moja, basi.

Mwanafunzi aweza kuuchora mstari huo leo. Agundishe ukurasa wa pili upande wa kulia wa ramani yake, akiushusha kidogo chini, atie nukta ya kwanza (4,0 ; −1,3), na ya pili (3,3 ; −3,4), aziunganishe. Kisha atie nukta moja zaidi, (3,1, −2,0). Hapo ni katikati ya ziwa Kivu. Ataona kwamba ziwa zima laanguka kushoto kwa mstari, pamoja na miji ya Gisenyi na Kibuye ambayo ni ya Rwanda. Waliouchora mstari ule hawakulijua ziwa lilipo. Mzungu wa kwanza kufika ufukoni kwake alikuwa Mjerumani von Götzen, mwaka 1894, yaani miaka tisa baada ya mpaka kutangazwa. Wajerumani walioitawala Rwanda walikataa mstari huo, Wabelgiji waliushika, na shauri halikwisha ila mwaka 1910, walipokutana Brussels na kukubali mpaka upite katikati ya ziwa na kufuata mto Rusizi. Wenyeji wa kando ya ziwa hawakuitwa katika kikao cha kwanza wala cha mwisho. Rula ilikuwa imenyooka, na namba zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu aliyekwenda kutazama.

Wengine wataka kujua ni nani aliyevumbua njia hii. Vitabu humtaja Mfaransa René Descartes, aliyelelewa katika shule ya Wayesuiti ya La Flèche, na kitabu chake cha jiometria cha mwaka 1637. Ni haki atajwe, maana ndiye aliyeonyesha jinsi mstari uliopinda uwezavyo kuandikwa kwa hesabu. Lakini hakuchora mihimili miwili kama ya madaftari yetu, na namba za chini ya sifuri hakuzipenda. Katika kitabu cha Newton kilichotolewa mwaka 1704 ndipo tuonapo robo zote nne zikitumika bila hofu. Karibu miaka mia tatu kabla ya Descartes, padre Nicole Oresme, aliyekuwa baadaye askofu wa Lisieux na kufa mwaka 1382, alikwisha kuchora mwendo wa kitu kwa mstari wa kulala na mistari ya kusimama juu yake. Na Ptolemayo wa Aleksandria, katika karne ya pili, aliorodhesha maelfu ya miji kwa longitudo na latitudo. Mji wa Lubutu haukuwamo.

Wazazi, msiogope kukaa na mtoto penye kazi hii kwa sababu hamkuisoma. Chukueni mawe madogo uani, pigeni mistari miwili chini kwa kijiti, semeni: “Kitovu ni hapa penye mlango wa jiko.” Mwambieni mtoto afiche kitu, kisha aseme namba mbili tu, nanyi mkitafute. Baada ya mara tatu mtamkosoa ninyi wenyewe. Na binti asitumwe maji wakati kaka yake akicheza mchezo huu. Mara nyingi ndiye atakayekuwa mwuguzi wa zahanati na kuulizwa namba za kijiji chake.

Na wanafunzi wapate fumbo la juma hili. Mnazo nukta tatu katika ramani yenu: Lubutu (0,6, −0,7), Punia (0,5, −1,5) na Walikale (2,1, −1,4). Mtu aliye Walikale ataka kurusha ndege ndogo kwa njia ya moja kwa moja. Je, Lubutu na Punia, ni upi ulio karibu naye zaidi, na kwa kilometa ngapi? Msijibu kwa kutazama barabara. Hesabuni miraba.